Nimejifunika Uso kwa Karata Tano

Mbithe, na wewe Halima, leo nimejianika. Nimejianika mchana kweupe kama kunde kwenye mkeka, na watu wamesimama wakinitazama.

Naandika saa hii hii, kabla sijaanza kuipunguza habari yenyewe. Naandika kwa Kiswahili ili Halima asome mwenyewe. Mwalimu wetu wa gumbaru, lile darasa la watu wazima, alikuwa akisema barua huanza na salamu. Salamu zitakuja mwisho, kama nitakuwa nimebaki na uso wa kusalimia.

Sasa sikilizeni. Nyinyi mlipohamia mji wa Wote mliniacha na nani? Mliniacha na Kalekye. (Ndiyo, Kalekye huyo huyo wa ng'ambo ya mtaro, ambaye akija kuomba chumvi anaondoka na chumvi, kiberiti na habari zote za nyumba.) Na juu ya Kalekye, shemeji yangu Mutinda akarudi nyumbani. Mnamkumbuka Mutinda, ndugu ya marehemu mume wangu, aliyekuwa mpishi wa wazungu huko Nairobi? Amestaafu. Amerudi na sanduku moja la bati. Ndani mlikuwa na koti, chuma cha kufungulia chupa za aina ambayo hapa hatuna, na karata.

"Shemeji," akaniambia, "nitawafundisha poka."

"Ni dawa?"

"Ni mchezo."

Nikamwambia mimi ni mama wa kanisa. Akasema hata yeye ni wa kanisa, na hatutaweka pesa. Nikaona basi hapo hakuna dhambi. (Mchungaji sijamuuliza. Ana kazi nyingi, kwa nini nimsumbue?)

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mtu anapewa karata tano. Mwenzako haoni zako. Mbaya unazitupa, unapewa nyingine. Halafu mnaweka vitu katikati. Mmoja anaongeza, mwingine anafuata, ama anatupa karata zake na kuacha vile alivyokuwa ameweka. Waliobaki wanafunua. Mbili zinazofanana ni kitu. Tatu zinazofanana ni kitu kikubwa. Hapo nilielewa. Kwingine kote sielewi mpaka leo. Kwa mfano, moja inamshinda mfalme. Moja! Nikamuuliza Mutinda inawezekanaje. Akasema hata yeye aliwauliza wazungu na hawakujua.

Shida yangu ilikuwa kukumbuka. Mnanijua. Namba zinaniponyoka, lakini jina likiingia halitoki. Naweza kuwataja wote tuliosoma nao gumbaru, nani alikaa karibu na mlango, na mbuzi wake aliitwa nani. Basi nikazipa karata majina. Zote! Yule malkia wa mioyo, mwenye ua mkononi, anayeangalia pembeni kama mtu aliyeambiwa bei, huyo ni Halima. Kumi ya maua ni mwalimu wetu Mutheu, kwa sababu ya vile alivyokuwa akihesabia kwa vidole. Mfalme wa mioyo ni yule ambaye wafalme wenzake wote wana masharubu na yeye hana, na ameshika upanga nyuma ya kichwa kama mtu anayebeba panga akienda shamba. Nilipomwona tu nikasema, huyu ni Mwendwa wangu.

Na mbili ya maua? Ile ndogo kabisa, isiyo na kazi, inayokuja kila wakati hukuiita? Hiyo ni Kalekye. (Msimwambie mtu, majina nilimtajia Mutinda tu. Ingawa sasa haina maana tena, mtaona.)

Halima, hapa ngoja nikueleze, maana kwenu sijui mnafanyaje. Mwendwa ndiye aliyemwoa Ndunge wangu. Kwetu mama na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Si ugomvi, ni heshima, tunaiita nthoni. Nikikutana na Mwendwa njiani, natoka njia, nageuka, navuta leso juu ya uso mpaka apite. Yeye naye anaangalia ua la michongoma kama hajawahi kuona ua. Akija kunilimia, anasimama mbali anaita. Mbegu namwachia chini ya ghala, chakula anapelekewa na mtu mwingine. Miaka kumi na moja nimekuwa mama mkwe wake, na sijui kama ana mwanya. Nampenda sana.

Turudi kwa karata.

Mwanzoni tuliweka vijiwe. Kalekye akapoteza vijiwe vyote akacheka, akaenda nje akaokota vingine. Mutinda akakasirika. "Mawe hayaumi," akasema. "Mtu asipoumia hata kidogo, hachezi, anatupa tu mikono. Wekeni kitu kidogo lakini kiwe kitu." Ilikuwa kiangazi, kwa nyumba kuna nini? Kuna mbegu. Mutinda akaleta mbaazi. Kalekye akaleta kunde nyekundu. Mimi nikaleta kunde za madoadoa.

Mbithe najua sasa umeshika kichwa. Ndiyo. Zile zile. Zile za marehemu mama mkwe wangu, zinazoiva kabla mvua haijakata, ambazo mwaka ule wa njaa ndizo tulikula peke yake. Kibuyu kizima, na majivu yake juu ili wadudu wasiingie. Lakini ilikuwa kunde tano tano tu! Nikasema moyoni, kunde tano ni nini? Hata kuku akipita anakula zaidi.

Mutinda akanifundisha ujanja. Mimi, si Kalekye, kwa sababu mimi ni shemeji. (Hapo pia mtaona.)

"Cha kwanza, subiri," akasema. "Ukipata karata mbaya, tupa. Usione haya. Kwenye mchezo wa vitu vidogo, mwenye haraka ndiye anayeshindwa."

"Sawa."

"Cha pili, usitishe watu ukiwa huna kitu. Kule kwa wazungu wenye mali unaweza kumtisha mtu akatupa karata. Hapa umtishe Kalekye na kunde tano? Kalekye hatupi. Atafuata mpaka mwisho ili aone tu."

"Ni kweli, hata kwa matanga anafuata mpaka jikoni."

"Na cha tatu, uso. Usiuache uso wako useme."

Huo uso ndio ulinisumbua. Kwa sababu karata zikija nilikuwa nazisalimia. "Aa, Mutheu, umefika." "Woi, Halima, ulikuwa wapi?" Kalekye anasikia, anajua nina nani. Mutinda akanikemea, nikaacha. Nikafunga mdomo kama mtu aliyejaza maji. Uso nikaufanya ukuta wa kanisa.

Na bado nikapoteza!

Hapo ndipo kichwa kilianza kuzunguka. Nikiwa na karata mbaya, wanacheza na mimi mpaka mwisho wananipiga. Nikiwa na nzuri, zile nzuri kabisa, wote wawili wanatupa karata mara moja, kama wameambiana. Nabaki peke yangu na kunde kumi. Kila siku. Nilifunga mdomo, nilifunga uso, nilisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Nikafikiri Kalekye ana dawa. Nikabadilisha mahali pa kukaa. Nikakalia kigoda kingine. Siku moja niliomba kabla ya kuchukua karata, halafu nikaona haya, nikaomba msamaha katika maombi yale yale.

Sasa leo.

Leo asubuhi nikaona mawingu upande wa Nuu, meusi, ya kweli. Hata kabla sijanywa chai, mtu akapita na ujumbe wa Ndunge: Mwendwa atakuja leo na ng'ombe wa kulima. Leo tu. Kesho ng'ombe wanaenda kwa shamba lao wenyewe, na kesho kutwa wanaenda kwa ndugu zake. Mbegu ziwe tayari chini ya ghala kama kawaida.

Nikaenda kuchukua kibuyu. Nikakitikisa. Kibuyu kilichojaa hakilii, mnajua. Hiki kililia.

Nikakimwaga kwenye ungo. Majivu. Majivu. Majivu. Na kunde, ngumi moja.

Nilikaa chini. Sikuelewa. Niliangalia ndani kwa jicho moja, kama nyingine zimejificha. Tano tano zile! Nani alijua tano zina miguu hivyo? Ngumi moja haitoshi hata mstari wa kwenda bafuni. Na mkwe wangu yuko njiani na ng'ombe. Nitamwambia nini? Kwamba mama mkwe wake, mama wa kanisa, amecheza karata mbegu za nyumba?

Nikavuka mtaro bila viatu.

"Kalekye! Zile kunde zangu, umezipika?"

"Zangu," akasema.

"Umezipika?"

"Ziko kwa mkebe. Nilikuwa nangoja nipate nyama."

Moyo ukarudi mahali pake. Nikamwambia shida yangu yote. Nikamwambia nitamlipa kwa mavuno. Mnajua alinijibu nini? Alipangusa mikono kwa kanga, polepole, akasema, "Mama Ndunge, ulizipoteza kwa karata. Zirudi kwa karata. Ama unataka nione huruma halafu kesho useme nilikuwa naiba?"

Hata sikuweza kukasirika vizuri, kwa sababu mimi ningesema hivyo hivyo.

Tukamwamsha Mutinda. Tukakaa mahali petu pa siku zote, nyuma ya ghala langu, upande wenye kivuli. Nilinyoosha miguu mbele kama mwanamke anayepepeta, viatu viko mbali, leso mpya begani. (Mbithe, ile yako. Ile ya rangi ya machungwa uliyonitumia kutoka Wote. Iweke akilini.) Kalekye akaweka mkebe kando yake. Niliona madoadoa yangu kwa juu. Yalikuwa yananiangalia.

Mara ya kwanza nikapata takataka. Nikatupa. Mara ya pili na ya tatu takataka. Nikatupa. Subiri, Mutinda alisema, na mimi nasubiri, lakini kule Nuu kulikuwa kunanguruma, na mvua haijafundishwa poka. Kila nikitupa, kunde tano zinakwenda. Ngumi yangu ikawa nusu ngumi.

Mara ya nne nikachukua karata, na wa kwanza kuonekana alikuwa Mwendwa. Mfalme wa mioyo, na panga lake. Pembeni yake Kalekye, ile mbili. Halafu vitoto vitatu visivyojuana. Nikatupa vile vitoto vitatu nikapewa vingine vitatu. Hata hivyo havijuani. (Kwa nini nilibaki na mbili ya maua? Sijui. Huruma. Nilikuwa nimemshika Kalekye pembeni ya mkwe wangu na nikaona vibaya kumtupa mbele yake.)

Kwa hivyo sikuwa na kitu. Andikeni hapo: hakuna kitu. Nilikuwa karibu kutupa zote.

Halafu nikasikia sauti kutoka mbali, ng'ambo ya mto mkavu. "Dereva! Dereva, twende!"

Dereva ni ng'ombe. Ng'ombe wa kushoto wa Mwendwa. Yule wa kulia anaitwa Sajenti. Mwendwa amefika mtoni!

Mwili ukashtuka, sikujua hata nimefanya nini. Nikatazama karata tena. Kalekye akanitazama mimi. Mutinda naye akanitazama, halafu akatupa karata zake chini haraka sana, akasema, "Mimi simo."

Nikashangaa. Simo kwa nini? Hata sikuwa nimeongeza.

"Sajenti! Sajenti, wee!" Sasa sauti iko kwa kona ya shamba.

Kalekye akameza mate. Kalekye! Anayefuata mpaka jikoni! Akaangalia karata zake, akaangalia leso yangu, akaangalia karata zake. Uso wake ulikuwa na wasiwasi ambao sijauona tangu mbuzi wake alipomeza kitambaa. Na mimi, akilini, nikaona kama taa imewashwa. Huyu mwanamke ananiogopa. Sijui kwa nini, lakini ananiogopa. Mutinda alisema usimtishe Kalekye. Lakini Kalekye tayari ametishika, mwenyewe, bure!

Nikasukuma kunde zangu zote katikati. Zilikuwa chache, zikaonekana kama kosa.

"Na nini kingine?" akauliza Kalekye, lakini sauti ilikuwa nyembamba.

Nikavua leso begani. Nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya kunde. "Na leso. Wewe weka mkebe."

"Mkebe wote?"

"Wote."

"Mama Ndunge, hii leso ni mpya."

"Najua ni mpya."

Kalekye akaanza kusogeza mkono wa karata kuelekea chini. Anatupa. Mungu wangu, Kalekye anatupa! Akitupa hii, nikasema, na inayofuata namtisha tena hivyo hivyo, mpaka mkebe urudi nyumbani. Tone moja la mvua likaanguka kwenye goti langu. Kwa mbali mtu alikuwa akiita, "Hodi! Hapa nyumbani!" mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikamsikia na sikumsikia. Hakuna aliyejibu. Sote watatu tulikuwa tunatazama mkono wa Kalekye ukishuka.

Na Mwendwa, baada ya kuita na kukosa jibu, na mvua inaanza, akafanya kile mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akaja kuchukua mbegu chini ya ghala. Mahali namwachia kila mwaka.

Akazunguka ghala.

Nilimwona uso kwa uso. Miaka kumi na moja! (Ana mwanya.)

Mkono wangu ukaenda begani kuvuta leso. Leso haipo, iko katikati juu ya kunde. Kitambaa cha kichwa kimefungwa fundo la nyuma. Miguu imenyooshwa, viatu viko mbali, sina pa kugeukia, mgongo uko kwa ukuta wa ghala. Nikatumia kilichokuwa mikononi. Nikainua karata tano, nikazifungua kama mkia wa bata mzinga, nikajifunika uso.

Upande wa picha ukaangalia nje.

Nilikaa hivyo. Mimi niliona migongo ya karata, ile michoro ya bluu, mizuri sana kwa karibu. Wao waliona kila kitu.

Nikasikia Kalekye akivuta pumzi. "Mfalme mmoja," akasema. "Mmoja! Na mbili, na takataka!" Halafu nikasikia mkebe ukitua katikati, pap. "Nafuata. Nina nne mbili."

Alishinda kwa nne mbili. Nne! Hata sikuwa nimezipa majina ya watu ninaowaheshimu.

Mwendwa, maskini, alikuwa amegeuka, anautazama ukuta wa ghala kama amekuja kuukarabati. Akaongea na Mutinda, kama inavyotakiwa, akiniita mwaitu, yaani mama.

"Baba, muulize mwaitu kama mbegu ziko tayari."

"Shemeji," akasema Mutinda, "anauliza kama mbegu ziko tayari."

"Nimesikia!" nikasema nyuma ya karata.

"Basi nimjibu nini?"

"Mwambie... mwambie ziko kwa mkebe."

"Ziko kwa mkebe," akasema Mutinda.

"Mkebe wangu," akasema Kalekye. "Na hii leso ni yangu. Shika hapo, nijifunge."

Lakini kitu kilikuwa kinanikera kuliko leso. Nikauliza hapo hapo, uso ukiwa bado umefunikwa. "Kalekye, ulikuwa unatupa. Nilikuona. Ulikuwa unaogopa nini?"

"Niliogopa wafalme watatu!"

"Nani alikuambia nina wafalme watatu?"

"Wewe! Ulivuta leso mara tatu!"

Sikuelewa. Akanieleza kama mtu anayemweleza kondoo. Ati tangu siku ya kwanza, nikimpata mfalme yeyote, hata kabla sijaona kama ana masharubu, mimi hugeuka upande, nabana miguu, navuta leso kwa uso mpaka kwenye pua. Kila mara. Wao wanatupa karata. Nisipovuta, wanacheza. Leo nilivuta nilipochukua karata, nikavuta tena muda kidogo baadaye, nikavuta tena. Kalekye akahesabu wafalme watatu.

Mara ya kwanza ilikuwa Mwendwa wa karata. Ya pili na ya tatu ilikuwa Mwendwa wa ng'ombe.

"Mutinda," nikasema. "Wewe ulijua?"

Akakohoa.

"Ulinifundisha uso, na leso hukuiona?"

"Shemeji," akasema, "mbaazi zangu mwaka huu pia zilikuwa kidogo."

Hapo nikasikia Mwendwa akiuliza polepole, bado kwa ukuta, "Baba, huyo mfalme anahusu nini na mwaitu?" Na Mutinda, ambaye alipikia wazungu miaka thelathini bila kumwaga siri moja, akamwaga yote. Majina, heshima, panga nyuma ya kichwa. Halafu mabega ya Mwendwa yakaanza kutetemeka. (Karata nilikuwa nimezishusha kidogo kuangalia. Kidogo tu.)

"Mwambie mwaitu," akasema alipoweza, "asante kwa cheo."

Matone yakaanza kuwa mengi. Mwendwa akaacha kucheka. Akasema, kupitia kwa Mutinda, kwamba yeye ana ng'ombe na hana mbegu, Kalekye ana mbegu na hana ng'ombe, na udongo ukishalowa sana Dereva atakataa kazi. Mwaitu akisharudishiwa mbegu zake, yeye atalima hapa, halafu avuke mtaro alime mistari kumi kwa Kalekye kabla jua halijazama.

Kalekye akafikiri. Mvua inampiga kwa leso yangu. "Kumi na tano," akasema.

"Kumi na tano."

"Na jambo moja. Mama Ndunge, huyu mkwe wako ni mfalme. Sasa mimi ni nani?"

Mbithe, Halima, ningefanya nini? Mkebe ulikuwa bado mkononi mwake. Nikasahau kila kitu Mutinda alichonifundisha, nikamtisha tena. "Wewe ni malkia wa mioyo," nikasema.

"Si huyo ulikuwa ukimwita Halima?"

Kumbe anakumbuka majina na yeye! Nikamtazama Mutinda anisaidie. Mutinda akainama, akaichukua kutoka kwa vidole vyangu ile mbili ya maua, akampa Kalekye.

Aliitazama sana. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Maji yakaanguka juu yake.

"Mbili," akasema.

"Ina maua," nikasema.

"Na ulikuwa umebaki nayo? Ulitupa tatu ukabaki na hii?"

"Nilikuonea huruma."

Akanitazama. Nilidhani mkebe unarudi ng'ambo ya mtaro, na kunde za mama mkwe wangu zinaingia kwenye sufuria ya nyama. Halafu akaniwekea mkebe mapajani, kwa nguvu, ukaniumiza. "Uliniweka kando ya mkwe wako," akasema. "Nimeona. Simama twende tupande kabla hujanionea huruma nyingine."

Tumepanda. Mwendwa alitangulia na ng'ombe, sisi nyuma kwenye mstari, mimi nimejifunika gunia la mahindi kichwani na begani, maana leso Kalekye hakurudisha. Alisema mbegu zilikuwa za shamba lakini leso ilikuwa ya mchezo. Nilipomwona mkwe wangu akigeuza ng'ombe mwisho wa shamba, nilivuta gunia, na nyuma yangu Kalekye akapiga kelele, "Mmoja!" Mwendwa akageuza mara ya pili. "Wawili!" Mistari yote ile, Mbithe. Mpaka ishirini na sita.

Sasa nasikia mvua kwa bati. Kunde ziko chini ya udongo, zote, na kibuyu kiko tupu kwa sababu nzuri. Karata Mutinda amezianika karibu na moto, zimevimba, na mbili ya maua haionekani. Kalekye ameenda nayo nyumbani.

Salamu basi. Salimieni watu wote wa hapo Wote, na Mbithe, kama utanunua leso nyingine, chagua nzito. Msinicheke. Na mkinicheka, chekeni tu, lakini msiniulize nyinyi ni karata gani. Halima anajua. Mbithe, wewe si ya chini sana.